Kuonja bia za Kibelgiji nyumbani Kigoma: kabla hujamlaumu mpishi, uliza safari

Tripeli ya kwanza, yaani bia kali ya Kibelgiji ya rangi ya dhahabu, niliyoifungua hapa Mwanga niliitukana. Niliandika daftarini: "Inanuka boksi lililonyeshewa. Tamu, imepooza, sirudii." Nikaipa 19 kati ya 50, nikapiga picha ukurasa na kuwarushia wenzangu wa kuonja. Miezi minne baadaye nikiwa Dar es Salaam nikamiminiwa bia ile ile, kutoka kwenye chupa iliyokaa kwenye friji tangu ishuke bandarini. Povu lilisimama kama la maziwa yanayokamuliwa. Harufu ilikuwa ya ndizi mbivu na ganda la chungwa, na kwa mbali kulikuwa na uchungu uliokuita kwenye funda la pili. Nilitamani ule ukurasa niumeze. Bia haikuwa na kosa lolote. Iliharibiwa na wiki za kukaa kwenye behewa na kwenye stoo ya mabati.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali kidogo kuliko glasi. Reli ya kati kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na bia iliyosafiri njia hiyo baada ya kuvuka bahari inafika na historia mwilini. Anayeonja Kigoma ana kazi mbili: kujua bia ina nini, na kujua alichokiweka mpishi ni kipi na kilichowekwa na joto ni kipi. Kazi ya pili ndiyo ngumu.

Bia zenyewe ni zipi

Mwenyeji wa hapa ukimtajia bia ya Wabelgiji anaweza kukuonyesha chupa kubwa ya Primus ya Bujumbura. Si ajabu. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, wakaingia Tabora Septemba 19 mwaka huohuo, na mkataba wa 1921 ukawapa eneo lao la bandari hapa Kigoma na jingine Dar kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Burundi yenyewe wakaitawala hadi uhuru. Lakini Primus ni laga, ndugu moja na Safari au Kilimanjaro. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye baridi, polepole, na haiachi harufu nyingi nyuma yake.

Hamira za Kibelgiji ni za joto. Huchachusha kwenye nyuzi 20 na kuendelea, wengine huziacha zipande hadi karibu na 30, na kadiri zinavyochangamka ndivyo zinavyomwaga harufu. Ile ndizi niliyoisema haikutoka kwenye ndizi. Hamira hutengeneza kitu kiitwacho isoamili asetati, na ndicho hichohicho kilichomo kwenye ndizi iliyoiva. Karafuu utakayoinusa nayo mara nyingi ni kazi ya hamira, wala hakuna aliyetia karafuu. Aliyezoea pombe ya ndizi ya Kasulu atashangaa jinsi pua yake inavyoitambua bia ya watawa wa ng'ambo kama jamaa wa zamani.

Kwenye lebo utaona Dubbel, Tripel, Quadrupel. Sisi tumezoea kusema dubeli, tripeli, kwadrupeli. Dubeli ni ya hudhurungi, asilimia 6 hadi 8 hivi, yenye harufu ya zabibu kavu na sukari iliyoungua. Tripeli ni ya dhahabu lakini kali zaidi, na iliyowafungulia wengine njia ni Westmalle Tripel, iliyopikwa mara ya kwanza 1934 na yenye asilimia 9.5. Kwadrupeli ni nyeusinyeusi, nzito, asilimia 10 na zaidi, kama Rochefort 10 yenye 11.3. Bia nyeupe ya ngano ni nyepesi, ina ukungu, na hii kweli hutiwa giligilani na maganda ya chungwa. Ilikuwa imeshakufa kijijini Hoegaarden katika miaka ya 1950, hadi Pierre Celis, muuza maziwa, alipoifufua katikati ya miaka ya 1960. Kuna Saison Dupont na jamaa zake, kavu na zenye pilipili manga. Halafu kuna lambiki, inayochachushwa na vijidudu vya hewani huko bonde la mto Senne karibu na Brussels, chachu kama maji ya ukwaju. Lambiki usianze nayo. Wengi waliowahi kunionjea kwa mara ya kwanza waliuliza kama imeharibika.

Si lazima chupa itoke Ubelgiji. Allagash na Ommegang za Marekani, Unibroue ya Kanada, La Trappe ya Uholanzi, zote hupika kwa mtindo huo, na njia ya kuonja ni moja.

Neno kuhusu watawa. Watrapisti, watawa wanaopika baadhi ya bia hizi, wanafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kama Wabenediktini wetu wa Peramiho na Ndanda, ila wao ni tawi jingine. Alama ya pembe sita kwenye lebo inamaanisha bia imepikwa kwenye eneo la abasia, chini ya usimamizi wa watawa, na faida haiendi mfukoni kwa mtu. Ubelgiji zimebaki tano zenye alama hiyo: Chimay, Orval, Rochefort, Westmalle na Westvleteren. Achel iliipoteza mwaka 2021 kwa kukosa watawa wa kuishi pale. Alama hii inakueleza asili ya bia. Kama chupa yako ni nzima au mgonjwa, haikuelezi.

Hesabu kabla ya kununua

Chukua chupa ya mililita 330 ya Duvel, asilimia 8.5. Zidisha: unapata mililita 28 za alkoholi safi. Sasa chupa ya nusu lita ya laga ya asilimia 5 ina mililita 25. Kile kichupa kinachoonekana cha mtoto kinaizidi ile kubwa uliyoizoea. Rochefort 10 ya mililita 330 ina zaidi ya 37, yaani chupa moja na nusu za laga ndani ya kichupa kimoja. Jina Duvel lenyewe kwa lahaja ya kwao ni shetani.

Jioni moja, bia nne zinatosha, na kila mtu apate mililita 100 ya kila moja. Chupa ya 330 inagawanyika kwa watu watatu bila ugomvi. Ukienda mbali zaidi, pua inachoka, daftari linaanza kusifia kila kitu, na kesho yake husomi ulichoandika. Waonjaji wawe na miaka 18 kwenda juu, na aliyekuja na pikipiki aiache uani alale au aondoke kwa miguu. Na kwa mji wetu, hasa ukiwa upande wa Ujiji ambako majirani wengi ni Waislamu, hii ni shughuli ya ndani, si ya barazani.

Chupa kufika salama

Wenye viwanda vya bia wana kanuni ya vidole: siku 3 kwenye nyuzi 32 zinaizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si hesabu ya maabara, lakini isome tena ukikumbuka stoo ya bati saa nane mchana. Wiki mbili mle ndani, na bia ya rangi ya dhahabu inakuwa kizee kabla haijaonwa na mtu.

Basi unaponunua, uliza kwanza ilikuwa inakaa wapi. Chupa iliyopangwa dirishani kwa urembo iache. Mwanga wa jua huvunja vitu vichungu vilivyotoka kwenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuzaa harufu ya salfa ambayo Wamarekani huifananisha na mnyama wao. Sisi tunaye kicheche, na aliyewahi kupishana naye usiku hahitaji maelezo. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani inakinga kidogo tu, nyeupe haikingi kitu. Kisha soma tarehe. Huandikwa siku, mwezi, mwaka, na bia kali hupewa muda mrefu, miaka miwili hadi mitano. Usidanganywe na urefu huo: uliwekwa kwa stoo ya baridi ya Ulaya.

Ukimwagiza mtu Dar, mlipe aichukue iliyokaa kwenye friji, aifunge kwa magazeti, aiweke kwenye boksi la barafu, na boksi liwe ndani ya basi, lisiende kwenye buti juu ya injini. Mimi huagiza kati ya Juni na Agosti, wakati usiku una ubaridi. Oktoba siagizi kabisa.

Ikifika, isimamishe wima. Nyingi za bia hizi huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na hamira iliyomaliza kazi hulala chini kama mashapo. Safari imeyatibua. Ipe siku saba yatulie, gizani, friji ikiwepo. Friji isipokuwepo, weka ndoo ya maji kwenye pembe ya chumba isiyopata jua, zamisha chupa hadi shingoni, zifunike na gunia lililolowa ambalo ncha zake zinagusa maji. Ni akili ileile ya mtungi: maji yanayopaa huondoka na joto. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, ujanja huu unashusha nyuzi kadhaa. Mvua zikianza unapungua nguvu, maana hewa imeshashiba unyevu.

Glasi, baridi, na kumimina

Hapa ndipo jiko la Kigoma linapotuponza. Mafuta ni adui wa povu, na nyumba yetu gani haina mawese? Glasi iliyooshwa kwenye beseni moja na sufuria ya dagaa itaua povu ndani ya sekunde, nawe utaandika "bia haina povu." Tenga glasi za kuonjea. Zioshe peke yake kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyo na manukato, zisuuze hadi uchoke, zigeuze zijikaushe bila kitambaa. Kupima: zilowanishe kwa maji. Maji yakishuka kama shuka moja, ni safi. Yakijikusanya matone matone, rudia. Umbo zuri ni la glasi ya mvinyo, tumbo pana na mdomo uliojikunja kidogo, kwa sababu linakamata harufu. Vikombe vya plastiki viache kwa ajili ya harusi.

Saa mbili kabla ya kuonja, jiko lisikaange kitu. Na aliyejipulizia manukato akae karibu na dirisha. Haikuwa mara moja nimeandika "maua" kumbe ni shemeji.

Kwenye baa zetu swali ni moja: baridi au moto? Bia hizi haziko popote kati ya majibu hayo mawili. Ikiwa baridi kali ulimi unakufa ganzi na harufu haitoki. Ikiwa ya moto alkoholi inakuchoma puani na gesi inaruka. Bia nyeupe ya ngano ipe nyuzi 5 hivi. Tripeli na za dhahabu nyuzi 7 hadi 10. Dubeli na kwadrupeli 10 hadi 14. Kama huna kipimajoto cha jikoni, toa tripeli kwenye friji, imimine, kisha subiri dakika tano. Dubeli isubiri mara mbili ya hapo. Hewa yetu inapasha haraka, na hilo kwa mara moja linatufaa. Onja mara bia inapomiminwa, onja tena baada ya dakika kumi, kisha baada ya ishirini. Bia moja itakupa sura tatu. Bia mbovu huwa inajificha kwenye baridi, na ikipata joto kidogo inajitangaza yenyewe.

Kumimina: inamisha glasi, acha bia iteremke ubavuni, kisha inyooshe karibu na nusu ili povu lipande. Mkono usitetereke. Ukifika sentimita ya mwisho kwenye chupa, simama. Yale mashapo yamimine kwenye glasi ndogo uyaonje peke yake, yana ladha ya unga wa mkate na uchungu wa hamira. Bia nyeupe ya ngano ndiyo tofauti: hiyo unamimina robo tatu, unaizungusha chupa, unamalizia na ukungu wake wote.

Ipeleke pua shule

Tatizo kubwa la mwonjaji mpya halipo kwenye ulimi. Hana majina. Ananusa kitu anachokijua tangu utoto, lakini neno haliji, anaishia kuandika "nzuri." Kwa hiyo wiki moja kabla ya kufungua chupa yoyote, fanya zoezi hili. Chukua vikombe kumi na kimoja vyenye vifuniko. Kimoja weka karafuu mbili zilizopondwa. Kingine kipande cha ndizi iliyoanza kupata madoa meusi. Ganda la chungwa lililofinywa. Giligilani kavu zilizotwangwa. Zabibu kavu zilizolowekwa maji ya moto. Tende. Sukari guru, na pembeni yake sukari nyeupe uliyoiunguza kwenye kikaango hadi ikawa kahawia. Pilipili manga. Mkate mkavu uliobanikwa. Asali ya nyuki wakubwa ya Tabora, ile nyeusi ya miombo, si ile iliyochemshwa.

Mtu akufumbe macho, akupe kikombe kimoja kimoja. Usikimbilie kutaja, kwanza sema kinakukumbusha nini. Mimi nilishindwa giligilani mara tatu mfululizo, na ninaila kila siku kwenye pilau. Baada ya siku nne hivi maneno yanaanza kuja yenyewe.

Vikombe vya pili ni vya magonjwa. Loweka kipande cha boksi kwenye maji ya uvuguvugu: hiyo ndiyo bia iliyozeeshwa na joto na hewa. Siagi iliyoyeyushwa. Maji yaliyochemshiwa mahindi mabichi. Tufaha la kijani lililokatwa, kama sokoni limefika. Siki. Sosi ya soya. Na ya kicheche itengeneze mwenyewe: mimina laga ya kawaida kwenye glasi mbili, moja ifunike kabatini, nyingine iweke juani dakika 15, kisha zinuse zikiwa baridi sawa. Bia chache hazibadiliki kwa sababu hopsi zake zilitengenezwa kuhimili mwanga. Jaribu aina nyingine.

Lililonifundisha zaidi halikunigharimu zaidi ya bei ya laga mbili. Nilinunua chupa mbili za kreti moja, moja nikaiweka kwenye friji, nyingine juu ya kabati la jikoni chini ya bati, wiki tatu. Nikamwomba jirani anipe glasi tatu, mbili za chupa moja na ya tatu ya nyingine, nitafute ile iliyo peke yake. Kwa kubahatisha utapatia mara moja kati ya tatu, hivyo rudia mara tano au sita. Nilipatia zote, na tangu siku hiyo chupa haikai juu ya kabati nyumbani kwangu.

Kuonja kwenyewe

Panga kutoka nyepesi kwenda nzito: bia nyeupe, kisha saison, tripeli, dubeli, kwadrupeli. Lambiki iwe ya mwisho au siku yake. Katikati kunywa maji na utafune mkate mkavu. Ugali wa muhogo usiutumie, naupenda ila una harufu yake ya uchachu inayobaki mdomoni.

Nusa kwanza kabla hujaitazama sana, kwa sababu harufu nyingine huondoka dakika ya kwanza na hazirudi. Vuta pumzi fupi mbili, andika. Tikisa glasi kidogo, vuta ndefu, andika tena. Kisha ndiyo utazame: rangi, uangavu, povu limesimama muda gani, limeacha nyavu ubavuni mwa glasi au limetoweka.

Funda la kwanza ni la kuamsha ulimi, usiliandike. La pili lizungushe mdomo mzima, limeze, kisha ukiwa umefunga mdomo toa pumzi kupitia puani. Hapo ndipo nusu ya ladha ilipo. Wanaoonja mvinyo hutema. Bia unaimeza, maana uchungu na mwisho wake vinahukumiwa baada ya koo. Hesabu ladha inabaki sekunde ngapi na inabaki ipi.

Halafu uzito. Hili linawachanganya wengi kwenye tripeli: inakuwaje bia ya asilimia 9 iwe nyepesi mdomoni kama maji ya soda? Fikiria uji. Ukiongeza unga, unakuwa mzito. Mpishi wa Kibelgiji akitaka nguvu hategemei kimea peke yake. Anatia sukari, nayo hamira inaila yote ikageuka alkoholi na gesi bila kuacha uzito nyuma. Kwa hiyo tripeli inayonata midomoni kama sharubati imekosewa, au imezeeka. Kwadrupeli inaruhusiwa kujaza mdomo, lakini hata yenyewe imalizie ikiwa kavu kuliko ilivyoanza.

Kosa ni la nani

Hii ndiyo sehemu niliyoilipia. Ukikuta harufu ya boksi lililolowa kwenye bia ya dhahabu, na hopsi zimefifia, hilo ni joto na muda, shitaki safari. Kicheche ni mwanga. Shitaki dirisha la duka. Sosi ya soya na harufu ya mchuzi kwenye bia iliyokaa na mashapo yake ni hamira iliyokufa kwa joto, safari tena. Ikiwa haina gesi kabisa, tazama kizibo kabla ya lolote, huenda kilipigwa njiani kikaachia.

Siagi au mahindi ya kuchemsha ni jambo jingine. Mara nyingi hayo yalitoka kiwandani, mpishi aliharakisha au hakuchemsha inavyotakiwa. Tufaha bichi vilevile, bia ilitolewa kwa hamira kabla haijamaliza kazi.

Ugumu upo kwenye vitu ambavyo ni kosa hapa na sifa kule. Siki kwenye dubeli ni ugonjwa. Kwenye bia nyekundu chachu kama Rodenbach, ikiwa kwa kiasi, ni mwenye nyumba. Harufu ya ngozi na zizi ungeikimbia kwenye tripeli, lakini Orval hutiwa hamira ya Brettanomyces wakati wa kujazwa chupani, na kadiri inavyokaa hopsi zinapungua na zizi linapanda. Ndiyo makusudi. Na bia nyeusi kali ikizeeka vizuri hupata harufu ya tende na mvinyo mtamu, ambayo ni uzee uleule wa boksi umevaa nguo nzuri. Basi kabla ya kuandika "kosa," jiulize bia hii inatakiwa kuwa nini.

Chupa ikifunguliwa na povu likaruka hadi darini, usimhukumu yeyote usiku huo. Huenda ilikuwa ya moto, huenda ilitikiswa, huenda vijidudu vimeingia. Fungua ya pili ikiwa baridi na imetulia wiki. Nayo ikiruka, sasa andika.

Alama na maandishi

Majaji wa mashindano ya bia Marekani hutumia karatasi ya alama 50: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Niliichukua hivyo hivyo, kwa sababu inakuzuia kumpa mtu alama nyingi kwa uzuri wa povu. Kwao 38 kwenda juu ni bora sana, na 45 kwenda juu ni za kuhesabu kwa vidole. Kila mmoja aandike kimya kwanza. Akianza kusema mwenye sauti kubwa, wote mtanusa alichonusa yeye. Ikiwezekana mmoja asionje, amimine jikoni na kuficha chupa, kwa sababu jina la watawa pekee linaongeza alama tano.

Juu ya karatasi yangu nimeongeza mstari mmoja ambao karatasi ya Wamarekani haina: Safari. Bila mstari huo, alama za mtu wa Kigoma hazina maana kwa mtu wa Arusha. Huu ni mfano kutoka daftarini mwangu:

"Chimay Bleue, 330 ml, asilimia 9. Safari: Dar, basi, boksi la barafu, wiki mbili kwenye friji, wima. Tarehe imebaki zaidi ya mwaka. Nyuzi 11, glasi ya mvinyo. Harufu 10: zabibu zilizolowekwa, sukari guru, karafuu kwa mbali, mkate wa kubanikwa. Boksi hakuna. Muonekano 3: hudhurungi iliyokolea, ukiishika kwenye taa ina wekundu, povu la rangi ya chai ya maziwa, limekaa dakika nne. Ladha 17: inaingia na tende, katikati pilipili manga, inatoka kavu kuliko nilivyotegemea. Baada ya dakika ishirini alkoholi inaonekana kidogo. Mdomoni 4: gesi nyingi, inakata utamu. Maoni ya jumla 8. Jumla kuu 42."

Tazama maneno: hakuna "tamu sana," hakuna "ya kipekee." Anayesoma anaweza kwenda jikoni kwake akanusa kila nilichotaja. Ukijikuta unaandika neno ambalo halipo jikoni wala sokoni kwako, huenda umeliazima kwenye lebo.

Baada ya alama kufungwa ndipo chakula kinaingia, kikitangulia kinaharibu pua. Mgebuka wa kuchoma na tripeli vinaelewana mno, gesi inasafisha mafuta ya samaki. Dagaa wa kukaanga wape bia nyeupe. Kwadrupeli nainywa na kipande cha nyama choma chenye mafuta au na tende mbili, basi.

Chupa tupu usizitupe, hasa zile nene za mililita 750. Akina mama wauza mawese soko la Mwanga wanazipenda kwa sababu hazipasuki. Ila ukishampa mama chupa, isirudi tena kwenye kabati la glasi zako.